Je, Wajua? Askari wa Zimamoto ni Nusu Tabibu

Gari jekundu likipita mbio Chake Chake, king'ora kinalia na watoto wa skuli wameziba masikio, wengi wetu huwaza moto tu. Haya, kaa kitako. Safari hii tumekukusanyia maajabu ya upande wa pili wa kazi ile: bendeji, pumzi, sindano, na cheti ambacho kwingine duniani, usipokuwa nacho, hata fomu ya kuomba kazi hupewi.

Katika kila simu 100, moto ni 4 tu

Hesabu hiyo ni ya Marekani, ambako vikosi vya zimamoto hupokea mamilioni ya simu kila mwaka. Simu kama 64 katika kila 100 ni za wagonjwa na majeruhi: mzee kabanwa na kifua, mama kashikwa na uchungu, kijana kagongwa na gari. Nyingine ni ving'ora vilivyolia bure, gesi inayovuja, waya wa umeme ulioanguka. Moto wenyewe ni 4 hivi.

Ndiyo maana miji mingi ya huko humtaka kijana aje na cheti cha huduma ya dharura kabla hajagusa mpira wa maji. Ngazi ya mwanzo ni masomo ya saa 120 hadi 190 hivi na mtihani juu yake, na cheti cha taifa huhuishwa kila baada ya miaka 2. Anayetaka ngazi ya juu, ile ya kuchoma sindano za dharura na kupitisha mpira wa hewa kooni, hukaa darasani na wodini kwa zaidi ya saa 1,000. Kuna marubani wa ndege ndogo waliopata leseni kwa saa chache kuliko hizo.

Mvuvi aliyeokoa kwanza, akasomea baadaye

Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43 ilitumbukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia kutua Bukoba. Miongoni mwa wa mwanzo kufika alikuwa mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, aliyekuja kwa mtumbwi na wenzake. Silaha yake ilikuwa kasia. Kwa maelezo yake, kwa kasia hilo mlango wa nyuma ulifunguka na abiria wakaanza kutoka.

Hakuishia hapo. Alizunguka mpaka mbele kuwanusuru marubani, kamba iliyokuwa ikivutwa ikakatika na kumpiga usoni, akazinduka akiwa hospitalini. Watu 24 walitoka hai na 19 walifariki, marubani wote wawili wakiwemo. Majaliwa alizawadiwa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe na Jeshi la Zimamoto na Uokozi ili afunzwe zaidi. Kwa kawaida mtu huingia zimamoto kwa vyeti. Huyu cheti chake kilikuwa watu waliotoka mlangoni.

Jeshi hilo la Bara lenyewe bado changa. Liliundwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kabla ya hapo kuzima moto ilikuwa shughuli ya halmashauri na miji. Chuo chake kiko Chogo, Handeni, mkoani Tanga, yaani ng'ambo ya mkondo wa bahari kutoka kwetu Pemba. Zanzibar nayo ina kikosi chake: Kikosi cha Zimamoto na Uokozi, kimoja kati ya vikosi vya SMZ pamoja na KMKM, JKU, KVZ na Mafunzo.

Gari la maiti ndilo lililokuwa gari la wagonjwa

Mwaka 1966 ripoti moja iliwashtua Wamarekani. Ilisema karibu nusu ya huduma za magari ya wagonjwa nchini mwao zilikuwa mikononi mwa wenye biashara ya mazishi, kama 12,000 hivi. Sababu ilikuwa nyepesi: magari yao yalikuwa marefu kiasi cha kumlaza mtu. Jaribu kujiweka kwenye machela hiyo, hujui dereva anakuombea upone au anakupima urefu.

Mwaka uliofuata, mjini Pittsburgh, vijana weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao hawana kazi, walichukuliwa na kufundishwa na daktari Peter Safar, yule yule aliyeithibitishia dunia kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo inaokoa. Kikundi chao kiliitwa Freedom House, na leo wanahesabiwa kuwa miongoni mwa matabibu wa barabarani wa kwanza wa Marekani. Manispaa ilikifunga mwaka 1975. Wakati huo huo Miami, Los Angeles na Seattle zilikuwa zimekwisha kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yao siku zote: askari wa zimamoto wako kila mtaa, usiku wote, gari tayari. Kilichobaki ni kuwafundisha kutibu.

Kifaa cha kidoleni kinaweza kukudanganya mchana kweupe

Kile kibanio wanachokubana kidoleni hospitalini kupima hewa ya oksijeni kwenye damu hakiwezi kumtambua mtu aliyevuta moshi wa sumu. Kaboni monoksaidi hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu iliyobeba sumu hiyo huonekana nyekundu safi, basi kifaa husoma 98 au 99 huku mgonjwa anakata roho. Aliyefundishwa haangalii namba hiyo peke yake. Huuliza mtu ametoka wapi, anaumwa na kichwa, ametapika, na wenzake chumbani wakoje.

Jambo hili halihitaji nyumba iungue. Jiko la makaa lililoingizwa chumbani usiku wa masika, milango na madirisha yamefungwa, linatosha kabisa. Hewa hiyo haina harufu wala rangi.

Dawa ya sumu ya moshi ni ndugu wa vitamini

Hili ndilo lililonipendeza kuliko yote. Godoro la sponji likiungua hutoa sianidi, na sianidi ndiyo sumu inayojificha kwenye muhogo mchungu. Bibi zetu hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Waliuloweka, wakauanika, wakautwanga, sumu ikatoka. Pale subira inapokosekana matokeo ni mabaya: mwaka 1985, wakati wa ukame, watu kadhaa wilayani Tarime walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha.

Sasa mtu aliyetolewa kwenye moto hana muda wa kulowekwa. Kikosi cha zimamoto cha Paris kilikuwa mstari wa mbele kutumia dawa iitwayo haidroksokobalamini, ndugu wa karibu wa vitamini B12. Ikiingia kwenye mshipa huinasa sianidi, na mbili hizo zikishikana huzaliwa vitamini B12 yenyewe, kisha hutoka kwa mkojo. Sumu imegeuzwa lishe! Gharama yake ni kwamba mgonjwa hukojoa mkojo mwekundu kwa siku kadhaa na ngozi nayo hubadilika rangi, kwa hiyo jamaa zake huonywa mapema wasije wakapiga mayowe wodini.

Kikosi hicho cha Paris, kwa taarifa yako, ni wanajeshi hasa. Napoleon alikiunda mwaka 1811 baada ya moto kuzuka katikati ya dansi la ubalozi wa Austria mwaka 1810, yeye mwenyewe akiwa mgeni mwalikwa.

Dakika 3, basi

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinataka gari la zimamoto liweze kufika sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndege ndani ya dakika 3, na lengo zuri zaidi ni dakika 2. Kanuni haijali kama uwanja ni wa London au ni huu wetu wa Pemba. Ndiyo maana gari lile limeegeshwa pale, linang'aa, na ukadhani halina kazi.

Marekani imeongeza sharti lake: kwenye viwanja vya ndege za abiria vyenye leseni, zamu ya zimamoto lazima iwe na angalau mtu mmoja aliyesoma huduma ya dharura ya kitabibu kwa saa zisizopungua 40. Maana moto ukishazimwa, abiria bado wako ndani.

Mkarafuu una urefu wa ghorofa tatu

Mkarafuu uliokomaa hufika mita 8 hadi 12, na matawi yake hukatika upesi. Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar tangu kimbunga cha mwaka 1872 kilipoing'oa mikarafuu ya Unguja na kutuachia mingi ya kwetu. Kwa hiyo ukitafuta ajali ya Kipemba hasa, msimu wa uchumaji, ni hii: mtu kapanda, tawi limekatika, mtu yuko chini. Ajali hizi zinajulikana kiasi kwamba Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, lina utaratibu wa kuwalipa fidia wanaoanguka.

Kinachotokea baada ya kuanguka ndipo elimu inapoonekana. Asiyefundishwa humkimbilia mwenziwe, mmoja mikono, mmoja miguu, wakambeba mzobemzobe hadi barabarani. Kama mfupa wa uti wa mgongo umevunjika, safari hiyo fupi inaweza kumaliza miguu yake.

Aliyefundishwa hufanya mambo polepole. Mmoja hupiga magoti kichwani, viwiko chini, viganja viwili vimekishika kichwa pande zote mbili za masikio, na tangu hapo hakiachi. Wawili hukaa ubavuni: mmoja ameshika bega na nyonga, wa pili ameshika paja na mguu. Anayeamuru ni aliyeshika kichwa. Akisema "tatu", wote humgeuza majeruhi kwa pamoja, mwili umenyooka, ubao unasukumwa chini yake, anarudishwa juu yake. Ubao si lazima utoke ng'ambo. Mlango ulionyofolewa bawabani unafaa. Kanuni kubwa ni kwamba shingo na mgongo visipishane hata kidogo.

Aliyezama huanza na pumzi, si kifua

Mtu akianguka ghafla sokoni kwa maradhi ya moyo, unaanza kumkandamiza kifua. Aliyetolewa majini ni tofauti, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa hewa. Miongozo ya Ulaya inasema mpe kwanza pumzi 5, ndipo uingie kwenye mwendo wa kawaida: kifua mara 30, pumzi 2, kifua mara 30, pumzi 2. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua cha mtu mzima kizame sentimita 5 hadi 6. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, kwa hiyo ile tabia ya kumning'iniza mtu miguu juu ili "maji yatoke" ni kupoteza dakika ambazo hazirudi.

Kwa kisiwa chenye watu 543,441 kwa sensa ya 2022, wanaovuka bahari kwenda kusoma, kuuza na kuzika, hili si somo la kusomewa askari peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikija Pemba, imebeba watu wengi kupita kiasi. Zaidi ya miili 200 iliopolewa na wengi zaidi hawakuonekana tena. Walionusurika walielea kwa magodoro na chochote walichokishika, na wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowafikia mapema.

Mwanasesere aliyepuliziwa pumzi kuliko binadamu yeyote

Mwanasesere wa kujifunzia huduma ya kwanza, yule mwenye uso mtulivu wa msichana, alitengenezwa na mtu wa kiwanda cha vitu vya kuchezea. Asmund Laerdal wa Norway alikuwa akitengeneza midoli na vigari vya watoto. Mwanawe mdogo aliwahi kuponea chupuchupu kufa maji, baba akiwa ndiye aliyemtoa. Madaktari walipomwomba mwanasesere wa kufundishia, alikubali, akamtoa mwaka 1960. Uso aliutoa kwenye kinyago maarufu cha msichana anayesimuliwa kuwa aliopolewa mto Seine, Paris, karne ya 19, na jina lake halikujulikana kamwe.

Ukoo wa mwanasesere huyo ulifika Tanzania kwa sura ya mtoto mchanga, anayejazwa maji tumboni ili apate uzito wa kweli. Mwaka 2009 wakunga wa hospitali 8 nchini walianza kufundishwa naye jinsi ya kumsaidia mtoto aliyezaliwa hapumui. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilishuka kwa asilimia 47 katika hospitali hizo.

Taa hutaka maji ya moto, moto hutaka maji ya baridi

Ukichomwa na mwiba wa taa ufukweni, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Maumivu hupungua kwa kiasi cha kustaajabisha. Ukiungua jikoni, kinyume chake: maji ya bomba ya baridi yakichuruzika kwa dakika 20, saa ya ukutani ikihesabu. Dawa ya mswaki ibaki kwenye meno.

Nyama moja, watu 78 hospitalini

Machi 2024, kisiwani Panza, kusini mwa Pemba, watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa, na hakuna dawa inayoiua. Kazi ya mwokoaji ni kumweka mgonjwa apumue, asikaukiwe na maji, afike hospitali upesi. Watoto ndio huumia zaidi, hata anayenyonya huweza kuipata kwa maziwa ya mama.

Kisimani, wa pili huwa hatarini kama wa kwanza

Uchunguzi wa Marekani wa mwaka 1986 kuhusu vifo vya kwenye visima, matangi na mashimo ulikuta kuwa zaidi ya nusu ya waliokufa ni waliokwenda kuokoa. Hewa chafu hujikusanya chini. Wa kwanza anaanguka, ndugu anamfuata, jirani anamfuata ndugu. Somo la mwanzo kabisa kwenye cheti chochote cha huduma ya dharura halihusu mgonjwa. Linasema: angalia kwanza pale ulipo ni salama. Zimamoto hushuka na kamba kiunoni na hewa yake mgongoni.

Adui wa zimamoto yumo kifuani mwake

Kwa miaka mingi, karibu nusu ya askari wa zimamoto wa Marekani wanaokufa kazini wamekuwa wakiuawa na moyo uliosimama ghafla. Watafiti waliwafuatilia wanaume 1,104 wa kazi hiyo kwa miaka 10, wakatoa matokeo mwaka 2019: walioweza kupiga pushapu zaidi ya 40 mfululizo walikuwa na hatari ndogo ya maradhi ya moyo kwa asilimia 96 kuliko walioishia chini ya 10. Umesimama kujaribu? Taratibu, ulikula sasa hivi.

Idara ya kwanza kamili ya dharura nchini ilifunguliwa 2010

Ndiyo, juzi juzi tu. Idara hiyo ya tiba ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na mwaka huo huo madaktari wakaanza kusomea fani hiyo hapa hapa nchini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mafunzo mafupi ya huduma ya dharura ya msingi, siku chache tu, baada ya kuyajaribu kwanza Uganda, Zambia na Tanzania.

Njia ya kufika hospitali nayo imepata ubunifu wake. Mpango wa m-mama, wa dharura za uzazi, ulioanzia Kanda ya Ziwa na sasa umefika hadi Zanzibar, huita dereva wa teksi wa jirani pale gari la wagonjwa linapokosekana. Simu ni 115, na dereva hulipwa kwa pesa za simu akishamfikisha mama. Mwanza, waendesha bodaboda wamefundishwa kuzuia damu na kufunga mifupa iliyovunjika. Wao hufika kabla ya kila mtu.

Zimamoto wamewahi kuwa mabingwa wa soka wa Zanzibar

Klabu ya Zimamoto ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Zanzibar msimu wa 2015/16, ikaingia Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2017 na kukutana na Ferroviário da Beira ya Msumbiji, iliyowatoa hatua ya awali. Ligi Kuu ya Zanzibar ina pia KMKM, ambao kazi yao ni kulinda na kuokoa baharini. Zikikutana timu hizo mbili, mchezaji akianguka chini hakuna haja ya kuita machela kutoka mbali.